Ujumbe wa Mkeka Ulionipeleka Majengo kwa Miguu

Asubuhi ya Alhamisi niliondoka nyumbani kwangu Umoja kwa sababu ya herufi mbili tu, k na a. Simu yangu ilikuwa imezimeza, nami sikuwa na budi kwenda hadi Majengo, Pumwani, kuzieleza ana kwa ana.

Mambo yalianza hivi. Binti yetu Zuhura alikuwa anaolewa Jumamosi. Wageni wa kiume wangekaa chini sebuleni, na mkeka wetu mkubwa wa ukindu tulikuwa tumemwazima rafiki yangu Athmani wakati wa Maulidi. Athmani anaishi Majengo. Mkewe, Bi Rehema, ndiye aliyekubali kutupikia pilau ya harusi. Basi nikamwandikia Athmani ujumbe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, siandiki ovyo, ila simu yangu ina tabia ya kumsahihisha mwalimu. Niliandika "mkeka", yenyewe ikaona nilikusudia "mke". Miwani sikuwa nayo usoni. Ujumbe ulioondoka ulikuwa huu:

"Athmani, nirudishie mke wangu kabla ya Jumamosi. Umekaa kwako tangu Maulidi. Wewe na jamaa zako mmeukalia vya kutosha. Kama umechafuka usiuoshe, nitauosha mwenyewe. Uukunje vizuri, uufunge kamba, uuegemeze mlangoni. Nitaupitia."

Siku tatu zikapita kimya. Nilipiga simu, haikushikwa. Jumatano jioni mke wangu Saumu akapata ujumbe kutoka kwa Bi Rehema: "Mimi sipikii harusi ya watu wanaoazimana wake. Mpaka nielezwe." Saumu akaichukua simu yangu, akasoma, akarudia kusoma.

"Baba Zuhura," akaniuliza taratibu, "nani amenikalia?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha ghafla akaacha kucheka, maana aliikumbuka pilau. Nikamwambia nitaandika ujumbe mwingine wa kusahihisha.

"Wewe usiandike tena kitu chochote," akasema. "Kesho tunaenda. Na mimi naja. Utasemaje hukupotelewa na mke bila kumwonyesha mke mwenyewe?"

Saa mbili asubuhi tulikuwa kando ya Outer Ring Road. Saumu alikataa kupanda gari. Alisema garini watu wangemkodolea macho mpaka mwisho wa safari, lakini akitembea atawapita. Sikumwelewa mpaka tulipofika kwa muuza duka wa pembeni. Mtu yule alitoka nje kwa haraka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, Mwalimu. Haya mambo hutokea." Kisha akamwona Saumu. "Ah! Kumbe amerudi! Alhamdulillahi!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Bi Rehema, katika uchungu wake, alikuwa ameomba ushauri kwa dada zake. Dada zake nao waliomba ushauri kwa mashoga zao. Picha ya ujumbe wangu ilikuwa imeshatembea Eastlands nzima, mitaa yetu yote ya mashariki ya jiji, tena haikuumwa na magoti kama mimi.

Saa tatu, Buruburu. Kijana mmoja anayeuza viatu vya mitumba, niliyewahi kumfundisha darasa la saba, aliruka rundo la raba kuja kunisalimu.

"Niaje, Mwalimu! Tuliskia mathe amefungwa kamba huko Majengo. Si tulikuwa tunajipanga na maboyz tuende tumtoe!"

"Mathe ni huyu hapa," nikasema.

Alimwangalia Saumu mikononi, akitafuta alama za kamba. "Na mlimtoa aje?"

"Alikunjuliwa," akajibu Saumu, akaendelea na safari.

Makadara tulipumzika kwenye kibanda cha chai kando ya Jogoo Road. Mama mwenye kibanda hakutujua hata kidogo, na kwa hiyo alitusimulia kisa chetu chote bila ya kuombwa. Kulikuwa na mzee wa Umoja, alisema, kichwa chake si kizima. Mkewe amewekwa Majengo, na kila mgeni akija anamkalia.

"Sasa kwa nini wamkalie?" Saumu akauliza, akitafuna andazi.

"Wanasema ni mnene, mama. Anatosha watu sita."

Saumu aliliweka chini lile andazi na hakuligusa tena. Kutoka hapo hadi Shauri Moyo alitangulia. Mimi nilitembea hatua mbili nyuma yake, nikitunga utetezi wangu wa kisarufi.

Karibu saa tano tuliingia Majengo. Nilitarajia kubisha hodi kwenye mlango wa Athmani na kunong'ona. Badala yake nilikuta uchochoro umejaa. Wazee walikuwa wametoka na stuli zao, kina mama wamesimama na mabuibui yao, muuza kahawa amehamishia jiko lake pale pale. Muuza duka wa Umoja alikuwa ameshatuma habari kwamba tuko njiani. Bi Rehema alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, shemeji. Eleza."

Nikasafisha koo. "Ndugu zangu, ushahidi umo ndani ya ujumbe wenyewe! Nimesema *umekaa*. Nimesema *mmeukalia*. Mke yuko katika ngeli ya A-WA. Ningekusudia mke, ningesema *amekaa*, *mmemkalia*. Ile *u* ni ya mkeka!"

Nilitazama huku na huku nikingoja watu waelewe. Muuza kahawa ndiye aliyenionea huruma.

"Mwalimu," akasema, "hapa Eastlands mke imekaa, mtoto imelala, gari amekuja. Hiyo *u* yako nani angeijua?"

Miaka thelathini ya ualimu ikaanguka pale uchochoroni. Saumu akanipita, akaenda akasimama mbele ya Bi Rehema, akageuka mbele, akageuka nyuma.

"Dada, nitazame vizuri. Mimi ni wa kukunjika?"

Bi Rehema alijaribu kujizuia. Midomo ilimtetemeka, mabega yakaanza kumruka, kisha akaangua kicheko, wakaangukiana wakicheka na kulia kwa pamoja. Uchochoro mzima ukapokea.

"Sasa Athmani yuko wapi?" nikauliza.

Kicheko kikakatika. Athmani, akasema Bi Rehema, alikuwa ametoka asubuhi kwa miguu, hakusema anakwenda wapi, na simu yake ilikuwa kabatini. Siku tatu hizo Bi Rehema hakumpikia hata uji.

Kabla hatujaanza kuhangaika, simu ya Saumu ikalia. Alikuwa Zuhura, na alikuwa anapiga kwa video. Kiooni hakukuwa na Zuhura. Kulikuwa na sikio kubwa lenye mvi. Athmani hajui kuishika simu ya video, huiweka shavuni kama simu ya kawaida.

"Mwalimu?" sikio likasema. "Niko kwako Umoja."

"Umefuata nini Umoja?"

"Nimekuja kukuapia kwamba mkeo simjui alipo. Nimemtafuta kwangu nyumba nzima, hata uvunguni. Sasa nikasema, mtu amekasirika hivi, nisije mikono mitupu. Nimekuletea angalau ule mkeka wako."

Siwezi kueleza kelele iliyozuka. Muuza kahawa alimwaga kahawa. Zuhura akaigeuza simu, na kwa mara ya kwanza tangu Maulidi nikauona uso wa rafiki yangu. Alikuwa amekonda kidogo, na hakuwa anacheka.

"Mwalimu," akasema, "tangu lini mimi na wewe tukadaiana kwa maandishi? Hukuweza kuja kupiga hodi?"

Safari hii ngeli niliziacha. Nilimwambia nimekosa, na nilimaanisha.

Baada ya sala ya adhuhuri hatukuachiwa kuondoka bila kula. Kila nyumba ilileta kitu, viazi vya karai, maharagwe ya nazi, mahamri. Watu waliokuja kutazama aibu yetu wakabaki wanaulizana hali za wagonjwa na watoto. Nilisikia majirani wawili wa ukuta mmoja wakikiri kwamba hawajaongea ana kwa ana tangu mwaka jana.

Tulirudi Umoja mchana, watu watatu, maana Bi Rehema aliamua kuja na mwiko wake kabisa na kulala kwetu hadi harusi. Yeye na Saumu walitangulia wakizungumza njia nzima. Nyumbani tulimkuta Athmani amelala fofofo. Bi Rehema alimwamsha kwa sahani ya chakula, naye akaomba msamaha kabla hajauliza amekosa nini.

Zuhura aliolewa, pilau ikatosha. Wageni wengi walinihoji wakitaka nilaani simu, maana nilikuwa na haki hiyo kuliko mtu yeyote mle ndani. Sikuilaani. Ilitugombanisha kwa siku tatu na ikatupatanisha kwa dakika nne, na hapo katikati kazi yote ilifanywa na miguu. Nilichojifunza ni kwamba kwa miezi mingi nilidhani ninamtembelea Athmani, kumbe nilikuwa ninamwandikia tu. Siku hizi kila Alhamisi, ikiwa magoti yameniruhusu, ninakwenda Majengo. Sitoi taarifa. Ninapiga hodi, naye Athmani huuliza kutoka ndani, "Nani?" na kila mara ninafurahi kwamba kuna swali ambalo linajibiwa kwa kuonekana tu.