Siku Baba Aliponiita Afisa

Baba yangu alikuwa na lugha mbili, na kila moja ilikuwa na watu wake. Kiha kilikuwa cha nyumbani: cha mama, cha mbuzi, cha shamba la maharage, cha kunigombeza mimi binti yake. Kiswahili alikipata ujanani kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, alikokwenda kama manamba, kibarua wa mkataba, pamoja na Waha wengi wa rika lake, na kwake kilibaki kuwa lugha ya kuongea na wakubwa. Akija bwana shamba, baba alisimama, akavua kofia, akaongea Kiswahili kilichonyooka. Akipewa kitu na mkubwa, hata kibiriti, alikipokea kwa mikono miwili.

Huko mkongeni walimpandisha akawa nyapara, msimamizi wa wenzake. Alirudi Muyama kabla sijazaliwa, lakini kijiji kizima kiliendelea kumwita Nyapara, na kwenye pombe ya ndizi kigoda chake kiliwekwa karibu na chungu. Aliyechelewa kumpisha aliisikia habari ya Tanga upya, tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa mtu wake wa Kiha. Akiwa anapalilia nilimpelekea maji kwenye kibuyu, naye alinyoosha mkono mmoja nyuma bila kunitazama. “Zana, mwana wanje,” alisema. Lete, mwanangu. Alikunywa huku macho yake yakiwa kwenye magugu, kisha akanirudishia kibuyu kwa mkono uleule.

Miaka ile ya tisini wakimbizi wa Burundi walipojaa Kibondo, mashirika yaliwafuata na magari meupe, na nyuma ya magari vikaja vyeo. Sijawahi kuona vyeo vingi namna ile mahali penye matope mengi namna ile. Niliajiriwa msaidizi wa ghala. Juu yangu kulikuwa na msaidizi mwandamizi, juu yake afisa, na juu ya afisa walikuwapo watu waliokuja kwa ndege. Cheo ndicho kilichosema nani ashike redio ya mkononi, nani anywe chai kwenye hema gani, na nani akae mbele ya gari. Sisi wasaidizi tulipanda nyuma, juu ya magunia. Kazi niliijua upesi. Kwamba kuijua kazi na kupandishwa ni mambo mawili, hilo lilinichukua muda zaidi.

Kila nikienda likizo nilifika Muyama nikiwa mwekundu kwa vumbi. Baba alisubiri nile, kisha akauliza kwa Kiha, “Bado hawajakupandisha?”

“Bado, Data,” nilijibu. Ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

“Msaidizi wa nani sasa? Nyapara hazai msaidizi.”

“Mwache mtoto apumue,” mama alisema.

Nilipokuwa msaidizi mwandamizi nilidhani nimemkomesha. Akafikiri kidogo, akasema huyo ni msaidizi aliyezeeka.

Nami nilikitaka cheo, sitajifanya mtawa. Nilikitaka kile kiti cha mbele. Zaidi ya kiti, niliutaka uso wa baba siku atakaposikia. Nikiwa nimelala kambini nilimwona akijipiga goti, akicheka, akisema, “Mwana wanje, wamekupandisha.” Kwa ajili ya maneno hayo nilivumilia mabosi wengi waliokuja na kuondoka.

Hatimaye nikawa afisa. Gari lilikuwa linashuka Kasulu kwa shughuli zake, dereva akakubali kunifikisha hadi nyumbani, nami nikakaa mbele. Mlango wa upande wangu ulikuwa mbovu, haukufunguka kwa ndani, hivyo dereva alizunguka akanifungulia. “Tumefika, Afisa,” alisema.

Baba alikuwa barazani akichambua kahawa. Alisimama. Akavua kofia.

“Karibu sana, Afisa,” alisema kwa Kiswahili. “Habari za safari?”

Nilicheka, nikijua ananitania. Nikamjibu kwa Kiha. Akanirudishia kwa Kiswahili kilekile cha Tanga, akapangusa kiti chake chenye egemeo kwa kofia, akanikalisha, yeye akakaa kwenye gogo. Mama aliita kutoka jikoni kwamba nikalete kuni.

“Utamtumaje mtu kama huyu?” baba alimuuliza.

“Nimemzaa mwenyewe,” mama alijibu, na kuni nilizileta.

Jioni tulipobaki wawili motoni nilimwambia taratibu, “Data, ni jewe.” Ni mimi.

“Najua, Afisa,” alisema, na uso wake ulijaa furaha ambayo sikuwahi kuiona. Furaha hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo. Ningemnyang’anyaje? Nilimpa blanketi nililomletea, akalipokea kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo hakuniambia tena neno la Kiha. Hakunigombeza. Hakunituma. Kambini waliniita Afisa kutwa nzima na nilikipenda cheo changu, lakini njia nzima ya kurudi Muyama nilikuwa na njaa ya kuitwa mjinga na baba yangu mara moja tu.

Kisha ufadhili ulipungua, na nafasi yangu ikafutwa. Nilirudi nyuma ya lori na godoro langu, na nitasema kweli, ndani ya aibu yangu kulikuwa na tumaini. Nilimkuta baba amelala, mgonjwa, amekonda. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza kwa Kiha kwamba kazi imekwisha, cheo kimekwisha, nimerudi kulima.

Alinisikiliza hadi mwisho. “Cheo hakina mwisho, Afisa,” alisema kwa Kiswahili. “Mimi mkonge niliuacha zamani. Muulize yeyote hapa naitwa nani.”

Nilimuuguza majira yale yote ya mvua. Siku moja asubuhi sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana, nikainama kumsikiliza.

“Samahani, Afisa. Naomba maji.”

Nilikitafuta kile kibuyu cha shambani, nikakijaza, nikamshika shingo kumwinua. Nikangoja. Mkono wake mmoja ulitoka polepole chini ya blanketi, nami nikakisogeza kibuyu karibu. Kisha akautoa na wa pili.