Papa Mumba na Neno Friend

Mwanangu, jana uliniuliza neno hilo la Kiingereza, friend, lina maana gani hasa, kwa kuwa simu yako ilikupa maneno mengi yanayofanana nalo ukashindwa kuchagua. Nilijifanya nimesinzia, na kweli nilikuwa karibu kusinzia, maana mchana wa kiangazi hapa mtaani Kamalondo, moshi wa makaa ukipanda taratibu kutoka kila ua, hunibeba na kunipeleka mbali. Mchana huo ulinipeleka hadi wakati nilipokuwa msichana mwenye maringo, nikisoma Kiingereza jioni katika chumba cha nyuma ya parokia.

Mwalimu wetu alitoka upande wa Zambia, mtu mpole, na hakupenda tukariri. Kila neno, alisema, litafutieni mtu kwanza. Akatupa friend pamoja na ndugu zake. Companion ni yule mnayefuatana naye njiani au kazini. Mate ndivyo vijana wanavyoitana wakipiga soga. Acquaintance ni mtu unayemjua kwa sura na jina, mkasalimiana, basi. Friend ndilo lililo karibu na moyo kuliko yote, na watu hulitumia ovyo. Neno hilo nikampa Beatrisi, msichana mwenzangu tuliyekuwa tukisukana naye nywele. Papa Mumba, yule mzee fundi cherehani wa barabara ya pili, nikampa acquaintance, tena kwa shingo upande.

Papa Mumba alikuwa mtani wetu. Mambo ya utani unayajua: mababu waliyaachia makabila yetu mawili ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana, na kuchekeshana hata msibani. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kumwambia baba kwamba watu wa kaskazini kama sisi hawajui kupika bukari, ugali wetu wa hapa, wanajua kuila tu. Baba, dereva wa treni, mtu wa maneno machache, alimjibu kwamba suruali anazoshona zina mguu mmoja mrefu. Basi watacheka hao mpaka jua lishuke. Mimi niliona ni kelele za wazee tu.

Kisha baba akafariki, ghafla. Kilio, yaani matanga, kikawekwa uani kwetu, na mama akaketi mkekani akakataa chakula. Akakataa na maji. Hakulia, hakusema, alitazama ukuta kana kwamba kuna mtu anamngoja upande wa pili. Siku ikapita, ikapita nyingine. Shangazi alimbembeleza, padri alimbembeleza, mimi nilimshika mikono nikaikuta baridi. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba tutachimba makaburi mawili. Beatrisi alikuja, akalia pamoja nami, akarudi kwao. Simlaumu, ndivyo watu wengi wanavyofanya.

Asubuhi ya mazishi, katika ile baridi ya Juni ambayo inafanya kila mtu aonekane kama yumo ndotoni, Papa Mumba aliingia. Alikwenda moja kwa moja sebuleni, akachukua koti la kazi la baba msumarini bila kuomba ruhusa, akalivaa. Akatoka akitembea kama baba, bega moja chini, akikohoa kikohozi kilekile cha baba. Alipofika katikati ya waombolezaji akajitupa chini.

“Banipatie bukari!” akapiga kelele, kana kwamba ndiye marehemu mwenyewe. “Mi njo marehemu, minasikia njala! Bibi yangu iko wapi? Anaikala tu pale, hapike!”

Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amehamia kwenye majumba ya Golf, mtaa wa matajiri, na siku hiyo alikuja na wakubwa wake wa kazini, akasimama ili amtoe nje. Shangazi akamdaka shati.

“Wacha, mwana wangu. Ule njo mutani yetu. Kama ye hatusekeshe, nani atatusekesha? Bale ba ku Golf?”

Kaka akakaa. Ndipo mama akageuza shingo, polepole sana, akamtazama yule mtu aliyelala ndani ya koti la mumewe.

“We Mumba,” akasema, sauti imemkauka. “Bwana yangu hakukuwa anakohoa vile. Unakohoa sawa mbuzi.”

Papa Mumba akakohoa tena, vibaya zaidi. Mama akacheka. Cheko likakatika katikati, likawa kilio, kilio kikubwa ambacho sisi sote tulikuwa tukikingoja, na wanawake wakamkumbatia. Alipomaliza akaomba maji. Shangazi akaleta na uji, akanywa kikombe chote. Maishani mwangu nimeona vitu vingi vizuri, lakini sijaona kinachofanana na koo la mama likimeza uji ule.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kujificha nilie kwa furaha, nikamkuta Papa Mumba huko. Ameketi juu ya debe, amejifunika uso kwa mkono wa koti, mabega yanamtikisika bila sauti. Aliponiona akajifuta haraka.

“Mutoto, usiambie mama yako,” akasema. “Kazi haiyaisha bado.”

Akainuka, akarudi uani. Sijasogea hata hatua, nikasikia watu wakicheka tena.

Basi mwanangu, jibu lako ndilo hilo. Hayo maneno mengine yote ni mazuri, yatumie. Wengi utakaokutana nao ni acquaintance, na salamu zao ni kitu chema, usizidharau. Wengine utatembea nao kipande cha njia, washukuru mkifika njia panda. Lakini friend usiwe na haraka ya kuligawa, wala usimnyime mtu kwa sababu ni mzee, au ana kelele, au anakutania kila Jumapili. Atakayeificha huzuni yake nyuma ya nyumba ili yako ipate pa kukaa, huyo ndiye. Na wewe uwe hivyo kwa mtu, hata kama ni mmoja tu.

Mungu akujalie watu wa namna hiyo, mwanangu, na akupe macho ya kuwatambua wakati bado unaweza kuwaambia asante.