Mwonja Kahawa na Mtoto Aliyezaliwa Kimya

Mke wa mdogo wangu huonja kahawa. Ndiyo kazi yake, na tangu tumfahamu amekuwa akiwaeleza watu jambo moja lile lile: kwamba kuonja si kunywa. Katika chumba cha kuonjea, juu ya ghala ambamo magunia husubiri wanunuzi, kuna meza ya duara inayozunguka, na vikombe vimepangwa ukingoni mwake, kila shehena na vikombe vyake. Mwonjaji hanyanyui kikombe. Huchovya kijiko, hukileta mdomoni, hufyonza kwa kishindo ambacho mezani kwa watu kingemtia aibu, huiacha kahawa itawanyike juu ya ulimi, kisha huitema katika kopo refu la bati lililosimama karibu na goti lake. Meza husukumwa kidogo, kikombe kinachofuata hufika. Wenzake walimpa jina la Ulimi, kwa sababu alikuwa akitaja kasoro ya shehena kabla wao hawajafuta vijiko vyao.

Mimi humwita wifi, naye huniita hivyo hivyo, na zamani tulikuwa tukitaniana kama mawifi wanavyotaniana. Nikimwambia kwamba mdogo wangu ameoa mwanamke anayelipwa kwa kutema mate, yeye hunijibu, “Afadhali mimi ninayelipwa, wifi. Wewe unatema bure kila ukifungua mdomo.” Nilimpenda kwa majibu hayo. Ninaandika habari zake kwa sababu majibu hayo yalimtoka mwilini siku moja, yakatoweka, na waliomnyang’anya ni watu wa nyumbani kwetu, watu wema wote.

Alipobeba mimba ya kwanza aliendelea na kazi yake. Mimba ilikwenda vizuri mpaka mwezi wa nane, ndipo akashikwa na maumivu makali na damu ikaanza kumtoka. Hospitalini walimwokoa yeye kwa tabu. Mtoto, wa kike, alizaliwa amekwisha kufa. Wifi yangu alikuwa hana fahamu, na alipozinduka, mtoto alikuwa ameshaoshwa, ameshavikwa, ameshazikwa. Hakumwona. Aliyemwosha ni shangazi yetu, dada ya marehemu baba, mwanamke ambaye katika kila msiba wa ukoo huwa wa kwanza kukunja mikono ya nguo na wa mwisho kuondoka. Shangazi alitoka katika chumba kile akiwa amechoka, akaketi kati ya wanawake waliokuwa wakisubiri, akasema sentensi moja.

“Midomo yake ilikuwa rangi ya kahawa.”

Labda hakukusudia ubaya. Watu waliochoka husema wanachokiona. Lakini sentensi ile ilikuwa na miguu. Ilitoka katika chumba kile, ikafika jikoni, ikaingia kwa majirani, na kabla mama mzazi hajaruhusiwa kurudi nyumbani, ilikuwa imeshamtangulia na kumsubiri kitandani. Nani alimwambia, sijui. Hakuna aliyekubali. Ninachojua ni kwamba tangu hapo hakuuliza lolote kuhusu mtoto wake: hakuuliza alikuwa na uzito gani, hakuuliza kavikwa nini, hakuuliza kalala upande gani. Alikaa miongoni mwetu kama mshitakiwa aliyeshauriwa asifungue mdomo.

Alirudi kazini, na mdogo wangu akatuambia amepona. Hakuwa amepona. Alikuwa akisugua meno mpaka ufizi unavuja damu. Alipopewa mtoto wa jirani ambebe, alimtazama mdomoni kwanza, akaufuta kwa kidole gumba, ingawa ulikuwa msafi. Mara moja nilimkuta jikoni kwake, jua linawaka dirishani, amesimama mbele ya sufuria tupu. Aliniuliza kama ninasikia harufu ya kahawa. Nilimwambia sisikii kitu.

“Iko,” alisema. “Imeungua kidogo, iko chini kabisa. Wewe pua yako ni ya mapambo tu.”

Aliyasema hayo bila kutabasamu, na utani usio na tabasamu unatisha kuliko kilio.

Ndipo mimba ya pili ikaja, na mama yangu akahamia kwao na sanduku lake.

Mama hakuja kugombana. Alikuja kulinda. Siku ya kwanza alikusanya kila punje ya kahawa iliyokuwamo ndani, akaimwaga shimoni nyuma ya nyumba, akafukia. Siku ya pili alimketisha mkwewe, akamshika mikono, akamwambia kwa upole ambao mpaka leo ukinijia masikioni hunipandisha hasira.

“Mwanangu, mimi sikulaumu. Yaliyopita yamepita. Ila ile kazi uiache kabla tumbo halijatokeza. Huyu wa pili naye tusimwingize kwenye majaribio.”

“Mama, mimi huwa natema.”

“Najua unatema. Na yule wa kwanza pia ulikuwa unatema.”

Mdogo wangu, fundi wa majokofu, mtu awezaye kufungua mashine yoyote na kukuonyesha mahali penye ubovu, aliinamia sahani yake kana kwamba nayo imeharibika. Nilikuwapo. Nilimwambia mama kwamba hakuna daktari aliyewahi kusema kahawa ndiyo iliyoua, akanijibu kwamba elimu yangu haijawahi kuzaa mtoto. Kweli sina mtoto, na mama anajua mahali pa kupiga.

Naomba mnielewe jambo lililokuwa mezani siku ile. Halikuwa mshahara, maana mdogo wangu anawatosha wote. Mwanamke huyu angeacha kazi wakati ule, kwa sababu ile, angekuwa ametia sahihi kwamba ni yeye aliyemuua mtoto wa kwanza kwa kijiko chake. Angelea wa pili, kama angefika salama, huku ameikubali hukumu hiyo maisha yake yote. Yeye aliliona hilo waziwazi kuliko sisi. Kwa hiyo hakuacha. Ila hakuweza tena kuonja.

Alifanya jambo ambalo mwonjaji peke yake angeweza kulifanya. Aliendelea kwenda mezani kila asubuhi, akachovya kijiko, akakileta karibu na mdomo, akatoa ule mfyonzo kwa hewa tupu, akainama juu ya kopo na kutema mate yake mwenyewe. Kahawa yote ilibaki kijikoni, ikarudi kikombeni. Hukumu alizitoa kwa pua. Na kwa kuwa mimba humwongezea mwanamke makali ya kunusa, alipatia, akapatia tena, mpaka wenzake wakasema Ulimi safari hii amebeba mwonjaji mwingine tumboni.

Lakini ziko kasoro zisizo na harufu. Ilikuja shehena iliyonukia vizuri kabisa, akaipitisha kuwa safi. Kijana wa upande wa pili wa meza akaionja, akakunja uso: mdomoni ilikuwa na ladha ya dawa, ile ladha kavu inayoganda kooni. Msimamizi wa chumba akaionja mwenyewe. Kisha akasogea, akachungulia ndani ya kopo la wifi yangu. Mate yaliyokuwamo yalikuwa meupe.

Hakumfokea mbele ya watu. Alimwita pembeni, kwenye mashine ya kukaangia.

“Tangu lini?”

“Tangu mimba hii.”

“Kunusa, hata mbwa wa getini ananusa, dada. Mimi hapa nimeajiri mdomo. Ukiogopa, sema, nikuhamishie chini kwenye magunia mpaka ujifungue. Hakuna aibu. Lakini ukikaa mezani, onja.”

Akampa mpaka mwisho wa wiki aamue. Hayo alinisimulia mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye benchi la kliniki, mama akiwa upande wake wa pili na chupa ya chai mapajani. Alisema atakwenda kwenye magunia. Alisema uongo mezani ni mbaya zaidi kuliko kuondoka mezani. Mama, aliyekuwa akisikiliza, alishusha pumzi ya shukrani na kummiminia kikombe.

Mkunga aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, asiye na haraka. Alipima alichopima, akatazama wekundu wa kope za mgonjwa wake kwa ndani, akauliza anakunywa nini kwa siku.

Mama alijibu yeye, tena kwa fahari. “Kahawa nimeikomesha kabisa, hata harufu yake haiingii. Anakunywa chai tu. Nampikia mwenyewe, nzito, tangu anapoamka. Hata wakati wa kula ni chai, isukume chakula. Jioni akilegea namnunulia soda, ile nyeusi.”

Mkunga aliweka kalamu chini. “Bibi, chai nzito ina kitu kile kile kilichomo kwenye kahawa. Kafeini. Soda nyeusi inayo. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo usimpe kabisa. Mama mjamzito hatumkatazi kahawa moja kwa moja, tunamwambia asizidishe. Kikombe kimoja kwa siku, au viwili vidogo, basi, na ukinywa chai uihesabu humo humo. Akizidisha kila siku, mtoto anaweza kuzaliwa mdogo. Na chai pamoja na chakula inazuia madini ya damu. Huyu damu yake imepungua.”

Mama alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitu cha moto na hana pa kukitua.

“Na anayeonja akatema?” niliuliza mimi, maana wifi yangu asingeuliza.

“Atameza kiasi gani? Matone. Shida ya huyu si kopo la kutemea, ni chupa hiyo.”

Wifi yangu alizungumza kwa mara ya kwanza. Hakuuliza kuhusu chai. Alisema, taratibu, akitazama ukuta, “Yule wa kwanza alikuwa na midomo rangi ya kahawa.”

Mkunga alimgeukia. “Nani kakwambia?”

“Watu.”

“Mtoto akifia tumboni, midomo hubadilika rangi. Nimewapokea wengi. Wengine mama zao hawajawahi kuijua kahawa ladha yake. Kadi yako hapa inasema kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati, ndiyo ile damu. Hukuambiwa?”

Aliambiwa mdogo wangu. Mdogo wangu alimwambia mama, na mama akasema madaktari nao wana majina yao ya kila kitu.

“Lilibanduka kwa nini?” wifi yangu aliuliza.

Ningetamani mkunga yule aseme uongo. Angemaliza kila kitu kwa neno moja. Lakini alikuwa mwaminifu. “Mara nyingi hatujui,” alisema.

Ndivyo ilivyo. Sayansi niliyoipigania mbele ya mama ilifunga mlango mmoja na kuuacha mwingine wazi, na katika mlango ule wa pili wifi yangu aliendelea kumwona mtu amesimama, kijiko mkononi. Hata hivyo, mwisho wa wiki hakwenda kwenye magunia. Alikwenda mezani. Msimamizi alisema kijiko cha wifi kiligonga ukingo wa kikombe mara mbili. Akafyonza. Akatema. Mate yalikuwa ya kahawia. Alikwenda nje akatapika, akarudi, akazungusha meza.

Aliendelea hivyo mpaka karibu na kujifungua. Nyumbani hakusema neno, na mama hakuuliza. Mama alikuwa amebadilika: hakupika tena chai kwa mtu yeyote. Aliyeogopa sasa alikuwa yeye, na nilimfumania mara nyingi akilitazama tumbo la mkwewe kwa macho niliyokuwa nimezoea kuyaona kwa mkwewe. Hakuomba msamaha. Kwetu wazazi hawaombi msamaha. Huacha tu kufanya walichokuwa wakifanya, na wewe unatakiwa uelewe.

Mtoto akaja. Wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuwakera majirani. Watu walijaa chumbani kwa mzazi, na shangazi akawa wa kwanza kukunja mikono ya nguo. Alimpokea mtoto, akamgeuza huku na huku, akaridhika. Kisha akasema, kwa furaha ya kweli, kila mtu akisikia:

“Mmeona sasa? Ameiacha kahawa, na mtoto amekuja salama.”

Wanawake waliitikia. Na mimi, katika mwitikio ule wa furaha, nilisikia jiwe likiwekwa juu ya mtoto wa kwanza. Uhai wa huyu ulikuwa umefanywa ushahidi wa kosa dhidi ya yule. Nilifungua mdomo. Wifi yangu aliniwahi.

“Sikuiacha, shangazi.”

Shangazi alicheka kidogo. “Umechoka, mama. Pumzika.”

“Sikuiacha. Nimeonja mpaka tumbo lilipokua nikashindwa kuifikia meza. Muulizeni msimamizi wangu. Nimeonja kwa huyu kama nilivyoonja kwa yule.”

Mwanamke mmoja alianza kukusanya vikombe visivyohitaji kukusanywa. Mama yangu, pembeni ya kitanda, alisema kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake, “Ni kweli. Na chai nilimpa mimi.” Ndiyo mara pekee niliyomsikia akikaribia kuomba radhi.

Nilidhani yameisha. Lakini wifi yangu hakuwa ameyasema ili ashinde. Alikuwa akijitafutia haki ya kuuliza. Alimwomba shangazi akae kitandani karibu naye, mtoto angali mikononi mwa shangazi huyo, naye akakaa, kwa tahadhari, kama mtu aliyeitwa na askari.

“Wewe peke yako ndiye uliyemwona,” wifi alimwambia. “Umewaambia watu jambo moja tu juu yake. Sasa niambie mengine. Alifanana na nani?”

Shangazi alitazama mlango. Alitutazama sisi, mmoja mmoja, na hakuna aliyemsaidia. Kisha yule mwanamke asiyewahi kukosa neno katika msiba wowote akaanza kulia, na katikati ya kulia akasema kwamba alikuwa na nywele nyingi, laini, zimeshuka mpaka shingoni. Kwamba vidole vyake vilikuwa virefu. Kwamba paji la uso lilikuwa la mdogo wangu kabisa, na masikio hakuyajua ya nani.

“Ya mama yangu,” alisema wifi. “Endelea.”