Kipande cha Sabini na Moja

Kila asubuhi Lorcan Roche alikikuta kiti cha marehemu mkewe kimegeukia dirisha.

Jioni alikigeuza mwenyewe, kielekee motoni kama viti vya watu wengine. Hanora alizikwa Mei. Sasa ni mwisho wa Agosti, shayiri imeiva, na kiti bado hakijakubali.

Dirisha lile lilitazama pembe ya shamba, penye mti wa miiba na vijiwe visivyo na majina. Hapo walizikwa watoto waliokufa kabla ya ubatizo, maana padri hakuwapokea makaburini. Wa Lorcan na Hanora alikuwa mmoja. Msichana. Aliishi saa moja. Lorcan alimpeleka mwenyewe, ndani ya sanduku la sabuni. Miaka thelathini na minane Hanora alikaa dirishani. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo.

"Shemeji, wewe ndiye unayegeuza kiti hiki?" Lorcan alimwuliza Statia, mdogo wa marehemu, aliyekuja na mkate.

"Mimi? Kiuno hiki? Kula, uache kubishana na mbao."

"Basi ni nani?"

Statia alipiga ishara ya msalaba.

Mwaka ule kiwanda cha pombe cha mjini kilikodi shamba la Lorcan, likapandwa mbegu mpya ya shayiri. Walitaka kujua kama inazaa kuliko ya kale. Ikishinda, bonde zima litaipanda, na ya kale haitanunuliwa tena. Bwana Haughton, mwanakemia wa kiwanda, aliligawa shamba kwa kamba: vipande mia moja na hamsini, hatua nne kwa nne. Akatia namba kofiani. Lorcan akachomoa kumi. Hivyo kumi ndivyo vikatwe, vipurwe na kupimwa, kila kimoja peke yake.

Namba sabini na moja ilikuwa chini ya mti wa miiba.

Alikata tisa. Alipofika pale, mkono ulimwia mzito. Tangu mababu, chuma hakiingii pembe ile; hata mbegu ilifukiwa kwa mkono. Na nyuma yake alisikia mtu akivuta pumzi, vile Hanora alivyovuta akitaka kusema neno, kisha akaliacha. Aligeuka. Shayiri tu. Basi akasogea, akakata kipande cha jirani, akakifunga kibandiko cha sabini na moja.

Siku ya hesabu Haughton aliketi mezani jikoni, karatasi mbele yake, kalamu kavu.

"Mbona huanzi, Bwana?"

"Vipimo kumi ni vichache, Mzee Roche. Hesabu yake ni daraja bovu. Sipiti kabla sijalikanyaga kwa mguu mmoja. Vipande ni vilevile vya kofiani?"

"Ndiyo."

"Hakuna nafaka ya kimoja iliyoingia katika kingine?"

"Hakuna."

"Na hapa naona hakuna kilichokaa mbali na wenzake." Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, ratili zilifuatana kama kondoo. Mbegu ya kale ilizoea kutoa kumi na tatu. "Safi. Barua itaondoka jioni."

Kiti cha dirishani kililia. Hakikuwa na mtu. Haughton aliinua uso.

"Kiti hiki kina nini?"

Lorcan alikitazama kwa muda mrefu.

"Bwana, nimekudanganya," alisema.

Akamweleza. Haughton alivua miwani.

"Ungeniambia tu. Ningekata mimi."

"Wewe huna mtu pale."

Kisha Haughton akasema taratibu, "Bila kipande hicho sina hesabu, Mzee. Na kama mbegu hii ni mbovu, nitakuwa nimelitia bonde zima njaa."

Lorcan alitoka. Mundu aliuacha ukutani.

Aling'oa kwa mikono. Saa nzima na zaidi, magoti chini, kati ya vijiwe. Pumzi ile ikaja tena nyuma ya shingo. Safari hii hakugeuka.

"Nimekuja kumwona, Hanora," alisema. "Nachukua kidogo."

Akapura, wakapima. Ratili tano.

"Mti umekula," alisema Haughton. "Kivuli, mizizi, ndege. Kimoja hiki kinawaharibia wenzake. Kikiwamo, daraja halibebi. Kikitoka, linabeba." Akachovya kalamu. "Tukiweke nje."

Lorcan aliweka kiganja juu ya karatasi. Kilikuwa na damu ya miiba.

"Kilitoka kofiani?"

"Kilitoka."

"Ni cha shamba hili?"

"Ni cha shamba hili."

"Basi hakiwekwi nje. Mimi nimeshamweka nje mmoja. Inatosha."

Haughton alitazama damu ile ikinywewa na karatasi. Mwishowe akaandika namba zote kumi, tano ikiwamo, na chini yake: mwaka huu hakuna hukumu, ipandwe tena, vipande viwe vingi zaidi, na vya chini ya miti visirukwe.

"Wakubwa watanila nyama," alisema.

"Basi kula mkate kwanza," alisema Statia, aliyekuwa ameingia na kikapu. "Wakute umenona."

Jioni Lorcan hakukigeuza kiti. Alisogeza kigoda chake, akakiweka kando ya kile cha Hanora. Dirishani ilionekana pembe, na pengo jeusi mahali alipong'oa, na vijiwe sasa vikionekana vyote. Alivihesabu mpaka akakipata chake.

Kando yake kiti kililia kidogo, kama mtu anayejiweka vizuri.