Kiti cha nyuma cha pikipiki tuliyoitoa Kagio

Admin, jina langu lifiche, kisa kiache kilivyo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nauza nyanya, naishi Skuta hapa Nyeri na mume wangu na binti yetu wa pekee, Shiro, wa miaka kumi na minne. Mume wangu si mlevi wala hanipigi. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu wa hii page, mtu hajamaliza kusimulia mshamwambia afunge virago.

Shida yangu ni pikipiki. Baba Shiro ametamani kruza tangu tuoane, zile pikipiki nzito za kiti cha chini, dereva anaegemea na kunyoosha miguu mbele kama mtu anayeota moto. Tulikuwa tukienda Nairobi na pikipiki ndogo, na nikifika Kenol sijui mgongo nimeuacha wapi. Kwa hivyo alipojipanga kununua kruza ya mkono wa pili, aliniambia, "Kiti ya nyuma ni yako. Wewe ndio utachagua." Nilifurahi sana, sitadanganya.

Tukazunguka. Moja hapa mjini, ya mzee mmoja wa duka la vitambaa, kiti chake cha nyuma kilikuwa kidogo kama kipande cha mkate. Ya Mukurweini ilinikunja hadi magoti yakakaribia masikio. Ndipo tukaambiwa kuna moja Kagio. Hiyo ilikuwa na kiti kipana, kinene, na kiegemeo cha mgongo ambacho mtu alikuwa amekishonea ngozi kwa mkono. Nilikaa, nikafunga macho, nikasema ni hii. Kwenye bolti ya kiegemeo kulikuwa na uzi wa rasta, zile nywele za kusukia, wa rangi ya damu ya mzee, umejizungusha. Niliuchomoa nikautupa.

Muuzaji alikuwa mwanamume mpole wa makamo. Hakuikaribia ile pikipiki hata mara moja, ufunguo alimrushia mume wangu kutoka mbali. Nilimuuliza mbona ina vumbi hivyo.

"Irirara," akasema kwa lafudhi yetu ya huku. "Irirara, nikaiwacha hapo."

Mimi nilielewa kwamba ililala bila kuendeshwa, kama tunavyosema gari imelala. Kisha akamwita mume wangu nyuma ya stoo, wakaongea kwa muda. Baba Shiro aliporudi alisema ni mambo ya logbook tu, ile hati ya umiliki.

Baba Shiro akiiendesha peke yake, inakwenda vizuri sana. Jumapili ya kwanza tulitoka kanisani tukapita Karatina, tukashika ile barabara pana ya kuteremka Sagana. Alipoongeza mwendo, nilisikia sehemu ya nyuma ikisogea chini yangu, kushoto, kulia, polepole, kama ng'ombe anayetafuta namna ya kulala. Nilimkumbatia kwa nguvu. Alipopunguza mwendo ikatulia.

"Ni upepo ya lori," akasema.

Hakuna lori lililokuwa limetupita.

Wiki iliyofuata nilienda Kagio kuchukua nyanya. Mama niliyekuwa nanunua kwake alinitazama sana, halafu akaniambia ni dada ya yule muuzaji na alituona tukiichukua pikipiki.

"Na ni wewe hukaa nyuma?"

"Ni mimi."

Akaacha kuchagua nyanya. "Alikuambia irirara?"

"Aliniambia."

"Ati irirara. Hakukuambia irirara na nani."

Hapo ndipo nilipofahamu. Watu wa pikipiki wakisema imelala, wanamaanisha imeanguka ubavu. Yule mama akanieleza kwamba ilianguka kwenye mteremko wa Sagana ikiwa imembeba mke wa kaka yake, naye akalala asiamke tena. Kile kiegemeo mumewe alikuwa amemshonea yeye. Marehemu alikuwa amesukwa rasta wiki hiyo, wanaenda harusi. Nikakumbuka ule uzi, nikaketi kwenye kreti za watu.

"Ikiwa na mtu mmoja haina maneno," yule mama akaniambia. "Ni ikibeba wawili na ikimbie. Brother yangu alimwambia bwana yako yote. Alimwambia asiwahi beba mtu."

Nilifika nyumbani nikamkuta Baba Shiro akiipangusa. Nikamuuliza kama aliambiwa. Hakuinua kichwa.

"Niliambiwa. Fundi ameshanyoosha."

"Na amejaribu ikiwa na watu wawili?"

"Si tutajaribu Saturday."

Jumamosi hii yeye na wenzake wa pikipiki wanateremka Nairobi, kila mtu na bibi yake nyuma. Nikamwambia mimi sipandi. Nilitegemea tugombane, ningefurahi tugombane. Alikunja kile kitambaa vizuri, akaniambia kwa sauti ya upole, "Sawa, Mama Shiro. Kama unaogopa, nitabeba Shiro. Yeye ni mwepesi."

Nimempigia kaka yake, akacheka, akasema wanawake tunaogopa vitu vikubwa. Shiro nimemweleza kila kitu, akaniambia, "Mami, Daddy hawezi niangusha." Msinishauri nifiche ufunguo, anatembea nao shingoni na analala nao.

Leo asubuhi nilitoka nje nikamkuta mtoto wangu amekaa kwenye kile kiti, helmeti yangu kichwani, ameegemea, amefunga macho jinsi nilivyofunga mimi siku ile.

"Mami, hii kiti ni poa," akasema. "Ni kama ilitengenezewa mimi."

Jumamosi ni kesho kutwa. Nikipanda mimi, Shiro atabaki nyumbani. Nisipopanda, kiti hakitaenda kitupu. Wazazi wenzangu, nishaurini, nifanye nini?