Bati la Chini ya Mlango

Kila aliyepita uani kwetu, hapa Kisangani, alinishauri niliuze gari la marehemu papa kama chuma chakavu. Niliitikia kwa adabu, kisha nikafanya nilivyotaka. Tangu maman avunjike nyonga, hakuweza kupanda toleka, zile baiskeli za abiria, wala pikipiki. Kila Jumapili alivaa kitenge chake kizuri, akakaa mlangoni kusikiliza kengele ya kanisa. Iliniuma, tena iliniudhi. Injini ilikuwa nzima. Kilichooza ni mabati ya chini ya milango, yale yanayobeba sakafu na nguzo. Upande wa kulia kuku waliingia na kutoka kama kwao.

Nilimwita tonton, mdogo wake maman, fundi wa kuchomelea mageti. Tukatoa tangi la mafuta, tukang'oa milango, tukaliegemeza tumbo la gari juu ya gogo ili tonton asilale matopeni. Alikata bati la pipa, akalikunja kwa nyundo, akalichomelea lote kwa mkupuo mmoja. Mshono ulipendeza. Tulipolishusha gari na kurudisha milango, wa mbele ukagonga nguzo na kubaki wazi.

Tonton alizunguka gari, akakuna kichwa. "Gogo ilikunja gari, na siye tukaichomelea vile imekunjika. Geti unalaza tu chini, inatosha. Bon, tutafunga mulango na kamba."

"Maman hatapanda gari ya kamba. Kata."

"Yote?"

"Yote, tonton."

Aliutazama mshono wake kama mtu anayeona sahani yake ya pondu, mboga ya kisamvu, ikimwagwa. Nilimhurumia, lakini sikurudi nyuma. Alikata.

Safari hii gari lilisimama kwa magurudumu yake juu ya mbao, milango ikiwa mahali pake. Tonton alilala matopeni, akalishikiza bati jipya kwa nukta chache tu za moto, akainuka.

"Gari tupu inaweza kutudanganya, mutu akikaa ikunjike tena. Leta mufuko ya muchanga, tuweke ku kiti."

"Ya nini muchanga?" maman alisema kutoka mlangoni mwa nyumba. "Uzito ni miye."

Alikuja na fimbo yake, taratibu. Nilinyoosha mkono, akausukuma. Aliketi mbele, akapanga kitenge. Tonton akausukuma mlango kwa vidole viwili, ukafunga. Akaufungua, akaufunga tena. Nilifurahi hadi machozi, na sikuyaficha.

Maman aliweka kiganja chake kwenye kioo.

"Nilifikiri ku kanisa nitaingia tena ndani ya sanduku ya maiti tu," alisema.

Tonton alishusha miwani yake ya kazi machoni upesi. "Alors, shuka, yaya," alimwambia dada yake mkubwa. "Nimeshikiza tu, kazi haijaisha."

Jumapili iliyofuata nilisimamisha gari mbele ya kanisa, nikazunguka haraka nimsaidie. Nilimkuta ameshashuka, amesimama na fimbo yake, anaufunga mlango mwenyewe.