Besi ya Ubeti wa Mwisho

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu hapa Nyanga, na noti zake aliziandika kwenye kompyuta ya kufunika. Siku tulipomkimbiza hospitali alikuwa akiandika wimbo mpya. Aliifunika tu kompyuta, tukaondoka. Kitandani aliniambia, "Besi ya ubeti wa mwisho nimeimaliza, ila sijasevu. Usiizime." Hakurudi nyumbani.

Wakati wa matanga, tukiwa bado tunalala kwenye nyasi za msiba zilizotandikwa sebuleni, wanakwaya walisema wangependa wimbo huo uimbwe kwenye misa ya kuondoa matanga. Niliwaambia upo. Watu wakanihurumia, kwamba chaji imeshakwisha na kila kitu kimepotea. Nilijua hakijapotea, kwa sababu mwenyewe aliwahi kunieleza. Kompyuta iliyofunikwa, alisema, ni kama mtu aliyesimama na mkungu wa ndizi kichwani: amepumzika, lakini nguvu zinamtoka. Nguvu zikikaribia kuisha, anautua mzigo chini kwenye diski, vyote kama vilivyokuwa, ndipo anazimika. Ukimwamsha anaubeba tena. Yake alikuwa ameipanga ifanye hivyo.

Chaja ilipotea kule hospitali, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi mjini Bukoba. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyekuja kutoka Muleba, alisema mjane haendi mjini peke yake. Tukaenda wote.

Fundi alichomeka chaja yake, akawasha. Kioo kikaandika kwamba inaendelea pale ilipoishia, isizimwe.

"Mama, pole sana, lakini mwenzako alikuwa na akili," fundi akasema. "Hii ilijilaza yenyewe. Vyote alivyofungua vinarudi. Ila diski ni ya zamani, itachukua muda. Msiiguse."

Akageukia mteja mwingine aliyeleta simu. Mimi nikakaa nikitazama viduara vikizunguka kiooni.

"Imeganda hii," shemeji akasema.

"Haijaganda mzee, inasoma," fundi akajibu bila kugeuka.

"Inasoma nini muda wote huu? Hata padre humaliza Injili."

Yule mteja akacheka. Shemeji alipoona amechekewa, akapata nguvu. "Yangu ikifanya hivi naibana tu kidogo, inakaa sawa."

"Shemeji, waitu, tafadhali iache," nikasema.

Akanyoosha mkono, akakibana kitufe cha kuwashia, akakishikilia. Nilimkamata kiwiko. Nilichelewa. Kioo kikawa cheusi.

Fundi akaacha ile simu, akawasha tena. Safari hii maandishi yalikuwa mengine. Fundi akanisomea polepole: imeshindwa kuendelea, futa kilichohifadhiwa, kisha uanze upya. Alijaribu njia anazozijua, tena na tena. Mwishoni akasema ilikatizwa katikati ya kurudisha, na hana la kufanya. Ulipofunguliwa, wimbo ulikuwa ule aliousevu siku za nyuma: sauti tatu zimekamilika, na mistari ya besi ya ubeti wa mwisho mitupu.

Shemeji akasema, "Basi, ni wimbo tu. Mtu mwenyewe hayupo."

Niliichukua kompyuta nikatoka, nisije nikamtukana mbele za watu. Mashine nayo niliichukia. Wenye elimu walioitengeneza waliifundisha kutunza kazi ya mtu bila umeme, kisha wakaiacha imwambie mjane afute. Lakini mashine ilikuwa imeonya kwa maandishi, na fundi alionya kwa mdomo. Aliyebonyeza ni mtu mzima mwenye macho na masikio.

Siku chache kabla ya misa shemeji alikuja na karatasi. Alikuwa amemwomba mwalimu wa kwaya nyingine aijaze ile besi.

"Tumeshapata, shemeji. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Wimbo bila besi ni nyumba bila nguzo!"

"Basi ianguke."

"Unaninyanyasa kwa kosa dogo."

"Waimbe alichoacha. Pale ulipofuta, wanyamaze."

Mimi sijui noti. Sisemi besi yake ilikuwa nzuri. Huenda ilikuwa mbaya, huenda angeibadilisha mwenyewe kesho yake. Lakini ilikuwa yake, na ilikuwa imekamilika.

Misani, ubeti wa mwisho ulipofika, wanaume wa besi walifunga vitabu vyao wakasimama kimya. Sauti tatu zikaendelea juu juu, nyembamba. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Mbona kama kuna kitu kimepungua?"

Niligeuka nikamwambia kimepungua kweli, na nikamwonyesha benchi alilokaa aliyekipunguza. Naambiwa nimsamehe. Bado.